Kundi la WhatsApp la Darasa la Kiingereza: Lifungwe au Libadilishiwe Kazi?

Swali: Nafundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni kwa vijana wa miaka 14 hadi 17, ambao hawakisikii Kiingereza popote nje ya darasa langu. Mwaka jana nilifungua kundi la WhatsApp lenye wanafunzi 38, nikawaambia kwamba humo ni Kiingereza tu. Wiki mbili za mwanzo lilichangamka. Baadaye wakabaki watatu wanaoandika kila siku, ambao ndio wale wale wanaonyosha mikono darasani, na wengine wakawa wanatuma picha za salamu za asubuhi. Hao wanaoandika wanafupisha maneno na kurudia makosa yale yale. Wazazi wawili wamelalamika kwamba ninawapa watoto sababu ya kushinda na simu, na wanafunzi saba hawana simu kabisa. Je, mitandao ya kijamii inasaidia kweli kufundisha lugha, au nilifunge kundi hili nirudi kwenye kitabu?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nakushukuru kwa kuieleza hali yako ilivyo bila kuipamba, kwa sababu maelezo yako yananirahisishia kukujibu. Usilifunge kundi lako, ila liondolee kazi uliyolipa mwanzoni. Ulitaka liwe mahali pa kuzungumza Kiingereza, lakini wanafunzi hawakupewa jambo la kusema, wala mtu wa kumwambia ambaye halijui jambo hilo, wala sababu ya kulirudia walilokwisha kulisema. Mambo hayo matatu yakikosekana, hata darasa la ana kwa ana hunyamaza. Mimi hulitanguliza hilo la tatu, kwa kuwa ndilo ambalo mtandao huliweza kuliko darasa. Maneno yanayosemwa darasani hupotea mara tu yanapotoka mdomoni, ilhali ujumbe wa sauti au wa maandishi hubaki pale ulipowekwa, na mwanafunzi anaweza kuurudia kesho yake akiwa ametulia, akausikiliza kana kwamba ni wa mtu mwingine, akaona alipokosea, kisha akausema upya. Faida kubwa niliyoiona katika miaka yangu ya kufundisha kwa njia hii ilitokana na kurudia huko, na karibu kila kundi lililoniharibikia, likiwamo langu la kwanza, liliharibika kwa sababu ujumbe ulikuwa unatumwa na kusahauliwa.

Kwanza niiondoe dhana inayowapotosha wengi, kwamba ukimweka mwanafunzi ndani ya mkondo wa Kiingereza cha mtandaoni, lugha itamwingia yenyewe. Dhana hiyo ina asili yenye heshima. Mwanaisimu Stephen Krashen, katika maandishi yake ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, alishikilia kwamba mtu hujipatia lugha kwa kupokea maneno anayoyaelewa, yaliyopanda kidogo tu juu ya kiwango alichofikia. Hoja hiyo ina ukweli mwingi, na hakuna mwalimu anayeweza kuikataa yote, lakini haitoshi peke yake. Mwaka 1983 Richard Schmidt alichapisha matokeo ya kumfuatilia kwa miaka mitatu msanii mmoja Mjapani aliyehamia Hawaii, ambaye alimpa jina la Wes. Wes alikuwa na marafiki wanaozungumza Kiingereza, aliendesha maisha na shughuli zake kwa lugha hiyo, alipenda kuongea na watu walimwelewa. Hata hivyo, sarufi yake ilisogea kidogo mno katika muda wote huo, kiasi kwamba alama ya wakati uliopita, ile "-ed" ya vitenzi vya kawaida, haikujitokeza katika usemi wake. Mwaka 1985 Merrill Swain naye akaandika kuhusu watoto wa Kanada waliofundishwa masomo yao ya shule kwa Kifaransa kwa miaka mingi: kwa kuelewa, walikuwa wamewakaribia wenyeji wa lugha hiyo, ilhali katika kuzungumza na kuandika makosa yao ya sarufi yaliendelea. Swain aliona kwamba mtu anapolazimika kutoa lugha mwenyewe, tena kwa namna ya kueleweka barabara, ndipo anapogundua asichokiweza. Schmidt akaongezea mwaka 1990 kwamba kipengele cha lugha hakigeuki kuwa mali ya mwanafunzi mpaka kwanza akitambue katika kile anachokisikia au kukisoma.

Sasa watazame tena wale wanafunzi wako watatu. Wamepata uthubutu, na hilo si dogo, lakini wako katika hali ya Wes: wanaeleweka, hakuna kinachowazuia, na kwa hiyo hakuna kinachowafanya watazame nyuma. Makosa yao yanayojirudia hayakuletwa na mtandao. Yangekuwapo hata wangeongea na wageni kila siku, kwa kuwa kinachokosekana ni ile hatua ya kusimama na kujikagua.

Hatua hiyo huletwa kwa urahisi zaidi na ujumbe wa sauti kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. WhatsApp imekuwa na ujumbe wa sauti tangu mwaka 2013, na bado walimu wengi wanaendelea kulitumia kundi kwa maandishi tu, ingawa kilio chao cha kila siku ni kwamba wanafunzi hawazungumzi. Lipo zoezi la siku nyingi la kujenga wepesi wa kusema, lililoelezwa na Keith Maurice mwaka 1983 na kuenezwa na Paul Nation, mtafiti wa ufundishaji wa msamiati, ambamo mwanafunzi husimulia jambo moja mara tatu kwa wasikilizaji watatu tofauti: mara ya kwanza kwa dakika nne, ya pili kwa dakika tatu, ya tatu kwa dakika mbili. Muda hupungua, lakini jambo linalosimuliwa ni lile lile, kwa hiyo akili haihangaiki tena kutafuta la kusema na hupata nafasi ya kushughulikia namna ya kulisema. Darasani zoezi hili lina kelele, na mwalimu mmoja hawezi kuwasikia wote. Kwa ujumbe wa sauti linatulia, tena linaacha rekodi.

Kwa vijana wa kiwango cha wanafunzi wako, dakika nne ni nyingi. Anza na dakika mbili, kisha moja na nusu, kisha moja, na uzitawanye katika juma moja. Siku ya kwanza mwanafunzi anasimulia, tuseme, siku aliyopotea njia akiwa mdogo, na kuutuma ujumbe kwa mwenzake mmoja. Mwenzake anajibu kwa maswali mawili ya Kiingereza kuhusu jambo ambalo halikueleweka au ambalo angependa kulijua zaidi. Siku ya tatu msimulizi anasikiliza ujumbe wake mwenyewe akiwa na karatasi, anaandika sentensi tano alizozisema, neno kwa neno kama zilivyotoka, na anazirekebisha kwa kalamu. Ndipo anasimulia mara ya pili kwa mtu mwingine, akiyajibu ndani ya masimulizi yale maswali mawili. Siku ya tano anasimulia mara ya tatu kwa mtu wa tatu. Mwishoni anakukabidhi ile karatasi yenye sentensi tano za awali na marekebisho yake. Wewe huna haja ya kusikiliza rekodi 38 mara tatu. Unasoma karatasi, na kila juma unachagua wanafunzi watano au sita wa kuwasikiliza kwa makini, mpaka zamu iwafikie wote.

Utakachokiona kwenye karatasi hizo kitakufundisha jambo ambalo kitabu cha sarufi hakiwezi kukuonyesha. Mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alitenganisha makosa ya kuteleza, ambayo msemaji anaweza kuyasahihisha mwenyewe akitulia, na makosa yanayotokana na kutoijua kanuni. Mwanafunzi aliyesema "yesterday I go to market", kisha akaisikia sauti yake na kuandika "went" bila kuambiwa na mtu, alikwisha kujifunza kitenzi hicho. Anachohitaji ni mazoezi ya kukitamka haraka, na kumfundisha upya jedwali la vitenzi ni kumpotezea muda. Mwenzake aliyeiacha sentensi ya "I am agree" vile vile ilivyo hajui kwamba ina tatizo, na huyo anahitaji somo. Bila ile rekodi wawili hao wangeonekana sawa machoni pako, na pengine wote wangesahihishwa kwa njia moja. Ninalisisitiza hili kwa kuwa ndilo linaloamua kama saa utakazozitumia kwenye kundi zitarudisha chochote: wanafunzi wakiyaondoa wenyewe makosa ya kuteleza, nguvu yako inabaki kwa yale wasiyoyaweza bila wewe.

Jiandae tu kwa jambo moja. Mwanafunzi anayeisikia sauti yake ya Kiingereza kwa mara ya kwanza mara nyingi huona aibu, na baadhi watakuomba wasifanye tena. Waruhusu warekodi na kufuta mara nyingi wanavyotaka kabla ya kutuma. Walimu wengine huona kufuta huko kama udanganyifu. Kwangu mimi ni mazoezi yenyewe, kwani mtu aliyerekodi mara nne kabla ya kuridhika amezungumza Kiingereza mara nne, na hakuna somo la dakika arobaini darasani linalompa kila mmoja nafasi hiyo.

Nikija kwenye ukimya wa wale wengine, tatizo la kwanza ni ukubwa wa kundi. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, lakini idadi hiyo haihusiani na mazungumzo. Mbele ya watu 37 kijana hazungumzi, anahutubia, tena mbele ya wenzake wa rika ambao anaogopa wasimcheke. Gawa wanafunzi wako katika vikundi vya watano au sita, uchanganye viwango, na ubadilishe wanachama kila baada ya majuma manne. Kundi kubwa libakize kwa matangazo, ukitumia ule mpangilio unaoruhusu wasimamizi peke yao kutuma ujumbe. Picha za salamu za asubuhi zitakwisha siku hiyo hiyo bila kumkemea mtu. Usidhani kwamba wanaokaa kimya darasani ndivyo walivyoumbwa. Mwaka 1996 Mark Warschauer alilinganisha majadiliano ya ana kwa ana na ya kompyuta miongoni mwa wanafunzi 16 wa Kiingereza, wakiwa katika vikundi vya wanne wanne, na akakuta kwamba kwenye kompyuta ushiriki ulielekea kuwa wa usawa zaidi, na lugha iliyotumika ilikuwa rasmi na changamano zaidi. Idadi hiyo ni ndogo, na sitaki uichukue kama sheria, lakini inalingana na kile ambacho walimu wengi wamekishuhudia, yaani kuna wanafunzi wanaohitaji nusu dakika ya kupanga sentensi, na nusu dakika hiyo haipatikani mahali ambapo mwingine ameshanyosha mkono.

Tatizo la pili ni kazi yenyewe. Maagizo kama "zungumzeni kwa Kiingereza" au "kila mtu aseme alifanya nini leo" hayaombi chochote, kwa maana hakuna anayesubiri jibu. Kazi nzuri ya mtandaoni ina pengo: mmoja analo ambalo mwingine hana, na bila Kiingereza halivuki. Mpe mwanafunzi mmoja picha ya chumba chenye vitu vichache, aieleze kwa ujumbe wa sauti, na mwenzake achore kwa mkono anachokisikia, kisha atume picha ya mchoro wake. Mkilinganisha picha mbili mtajua papo hapo kama "under the window" ilisikika kama "under" au kama "on", tena bila mtihani wowote. Au mwambie kila mwanafunzi amuulize mtu mzima wa nyumbani, kwa lugha yao wenyewe, jinsi alivyofanya jambo fulani alipokuwa kijana, kisha aeleze jibu hilo kwa Kiingereza kwa kikundi chake, ambacho kitachagua kisa kimoja na kumuuliza msimulizi zaidi. Kazi hii ya pili ina thamani ya pekee, kwani katika maisha mtu anayejua lugha ya kigeni huombwa mara nyingi apitishe maneno ya mmoja kwa mwingine, na vitabu vingi vya kiada haviligusi jambo hilo ipasavyo. Ina faida nyingine ambayo utaihitaji: mzazi aliyehojiwa na mtoto wake anaona kwa macho yake simu inatumika kwa nini.

Kuhusu kusahihisha, nakuomba uache, kama unafanya hivyo, kuandika sentensi sahihi chini ya ujumbe wa mwanafunzi. Roy Lyster na Leila Ranta, katika uchunguzi wao wa mwaka 1997 katika madarasa ya Kifaransa ya shule za msingi nchini Kanada, walikuta kwamba njia iliyopendwa mno na walimu ilikuwa kumrudishia mwanafunzi sentensi yake ikiwa imesahihishwa. Zaidi ya nusu ya marekebisho yote yalikuwa ya namna hiyo. Njia hiyo ndiyo pia iliyowachochea wanafunzi kidogo kuliko nyingine zote kufanya chochote kuhusu kosa lililosahihishwa, kwa kuwa waliitikia katika takriban theluthi moja tu ya nafasi hizo. Mtandaoni hali huwa ile ile: mwanafunzi anaandika "thank you teacher" na kuendelea na kosa lake. Ukitaka kurekebisha papo hapo, nukuu ujumbe wake, uoneshe mahali penye tatizo bila kumpa jibu, na umwachie kazi ya kulitafuta. Zaidi ya hapo, kusanya katika juma sentensi sita au nane kutoka vikundi vyote, uziondolee majina, uchanganye zenye makosa na zile nzuri zinazostahili kuigwa, uzilete darasani ubaoni wazijadili wawili wawili. Baadaye kila mwenye ujumbe uliokuwa na kosa anautuma upya katika kikundi chake. Usisahau zile sentensi nzuri. Kijana anayeiona sentensi yake ubaoni ikitajwa kuwa mfano ataandika tena, hata kama jina lake halikutajwa.

Ufupishaji wa maneno unakuhangaisha kuliko unavyostahili. Kijana anayeandika "u" badala ya "you" kwa kawaida anajua neno kamili, na anafuata desturi ambayo wasemaji wa Kiingereza wenyewe huifuata wanapoandikiana kirafiki. Hata mfumo wa pamoja wa viwango vya lugha wa Baraza la Ulaya, uliochapishwa mwaka 2001 na kutumika mbali nje ya Ulaya, katika toleo lake la nyongeza la mwaka 2020 una mizani maalumu ya mazungumzo ya mtandaoni, kwa kutambua kwamba nayo ni stadi ya kufundishwa. Jambo la kufundisha ni tofauti ya mahali: mpe ujumbe mmoja wa kumwambia rafiki kwamba atachelewa, na umwombe auandike tena kama barua pepe kwa mwalimu mkuu. Ukifanya zoezi hilo mara tatu au nne katika muhula, vifupisho havitaingia kwenye insha.

Umeuliza kuhusu mitandao kwa jumla, kwa hiyo niguse pia video fupi za YouTube na TikTok, ambazo vijana wako wanazitazama hata bila wewe. Zina sauti halisi, lafudhi nyingi na mada wanazozipenda, na mwanafunzi asiyesikia Kiingereza nje ya darasa anazihitaji. Ugumu wake uko katika kiwango. Paul Nation na mwenzake Marcella Hu walikadiria mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kuyajua maneno kama 98 katika kila 100 ili aielewe hadithi vizuri bila msaada, na ingawa kipimo hicho ni cha kusoma na si cha kutazama, ambako picha humsaidia mtazamaji, kinatosha kukuonya jinsi ilivyo rahisi kwa kijana kutazama saa nzima na kuambulia maneno mawili. Programu inayompangia video hupima kinachomshikilia kwenye skrini, haipimi anachokielewa. Kwa sababu hiyo usiwatume watafute wenyewe. Chagua video moja ya dakika moja au pungufu, itume kwenye kundi, na uagize itazamwe mara tatu: kwanza bila manukuu, ili sikio lifanye kazi, kisha kwa manukuu ya Kiingereza, ili jicho liyatenganishe maneno yaliyosikika yameungana, kisha bila manukuu tena. Baada ya hapo kila mmoja achague kipande cha sekunde kumi na tano, akiigize kwa sauti yake akijitahidi kufuata mapigo na kiimbo, na akirekodi. Video moja iliyofanyiwa kazi hivyo ina faida kuliko kumi zilizotazamwa kwa kupitia tu.

Kitu kingine hukukitaja, lakini kimo kwenye kundi lako hata kama hujakiona. Baadhi ya maandishi utakayopokea yatakuwa yametungwa na programu za kutafsiri au za akili unde. Kuzipiga marufuku ni kazi usiyoweza kuisimamia. Mimi huagiza matini mbili kwa baadhi ya kazi, ya kwanza ikiwa imeandikwa kwa mkono darasani bila msaada, na ya pili baada ya kutumia programu, pamoja na maelezo mafupi ya mabadiliko matatu ambayo mwanafunzi ameyaelewa na moja analolitilia shaka. Masimulizi ya sauti yaliyojengwa juu ya maswali ya mwenzake nayo ni magumu kuyaazima kwa mashine.

Malalamiko ya wazazi na suala la umri nayachukulia kwa uzito, na nadhani wewe pia. Mitandao mingi mikubwa huweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti, kiwango kinachotokana kwa sehemu kubwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda taarifa za watoto wa chini ya umri huo. Kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika mwaka 2018 zinaweka 16 kama umri wa kijana kuridhia matumizi ya taarifa zake mtandaoni bila mzazi, huku zikiziruhusu nchi wanachama kushuka mpaka 13. Australia nayo, tangu tarehe 10 Desemba 2025, imeitaka mitandao kadhaa mikubwa iwazuie wenye umri wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti. Angalia sheria ya nchi yako na utaratibu wa shule yako kabla ya muhula kuanza, upate ridhaa ya wazazi kwa maandishi, na usimtake mwanafunzi yeyote achapishe sauti, sura au jina lake mahali palipo wazi kwa umma. Faida zote nilizozieleza zinapatikana ndani ya vikundi vilivyofungwa. Mwalimu wa pili, au mwakilishi wa uongozi wa shule, awe mwanachama wa kila kikundi, na wewe usiwasiliane na mwanafunzi mmoja mmoja faraghani. Utaratibu huo unawalinda wao, na unakulinda wewe pia. Waambie wazazi kwa idadi kamili kile unachokiomba: dakika kumi na tano, siku tatu kwa juma, kabla ya saa fulani ya jioni. Mzazi anayejua kipimo anaweza kukusaidia kukisimamia, ilhali aliyeambiwa tu kwamba "tunatumia simu kwa masomo" ana haki ya kuhofu.

Wale wanafunzi saba wasio na simu ndio kipimo cha mpango wote, na kama mpango unawaacha nyuma, ni heri uubadilishe wote. Usiweke alama yoyote ya mtihani kwenye kazi inayohitaji simu. Wapange wawili kwa simu moja pale inapowezekana kwa hiari na kwa ridhaa ya mwenye simu na wazazi wake, na kwa waliobaki tenga dakika kumi kabla au baada ya somo warekodi kwa kifaa cha shule. Ukiitazama tena ile kazi ya masimulizi matatu, utaona kwamba kinachohitaji kifaa ni kurekodi na kusikiliza tu. Kuuliza maswali, kuandika sentensi tano na kuzirekebisha ni kazi ya karatasi. Ujumbe wa sauti pia hutumia data kidogo sana ukilinganishwa na video, na hiyo ni sababu nyingine ya mimi kuutanguliza. Na kitabu usikiache. Kundi halikuletei mpangilio wa sarufi wala msamiati uliopimwa hatua kwa hatua, na kazi za sauti hufana zinapotumia kile kilichofundishwa kitabuni juma lililotangulia.

Kama unakubaliana nami, juma lijalo fanya mambo mawili tu: ligeuze kundi kubwa libaki la matangazo, na uunde vikundi vidogo kwa kazi moja ya masimulizi matatu. Rekodi ya kwanza ya kila mwanafunzi ihifadhiwe mahali salama, ikiwa na tarehe. Katika juma la nane mwombe kila mmoja asimulie kisa kile kile cha kwanza bila kujiandaa, kisha keti naye msikilize rekodi mbili kwa kufuatana, mkiangalia urefu wa vituo alivyoweka, ni sentensi ngapi alizimaliza, na kama makosa mliyoyafanyia kazi yamepungua au yamebaki. Wanafunzi wakionyesha mabadiliko katika mawili kati ya hayo matatu, endelea muhula mwingine na uongeze ile kazi ya mchoro. Wengi wao wakiwa pale pale walipoanzia, lifunge kundi, na uniandikie kazi ulizowapa na namna ulivyozirejelea, ili tuzipitie pamoja.